Njia Ndefu ya Kwenda Berck

Grenoble, 20 Novemba 1983

Kaka yangu Fulgence,

Hujambo wewe, na wifi yangu Léontine naye hajambo? Sisi huku tunasukuma siku. Theluji imewahi mwaka huu, na mume wangu Gaspard ameteleza mbele ya duka la mikate akaumia mguu. Sasa amekuwa mfalme wa nyumba, kila kitu aletewe, hata miwani iliyo juu ya kichwa chake. Binti yetu Solange amejifungua wa pili, msichana, wamemwita Aurélie. Analia kwa sauti ya marehemu mama, nawe unajua sauti ile ilivyokuwa.

Haya, habari zimekwisha. Barua zangu mbili hukuzijibu, na simu nasikia umeichomoa ukutani kwa sababu mlio wake unamtia Léontine hofu. Basi nisikilize kwa karatasi. Nimewaandikia masista wa Berck, wale wenye nyumba ya kulelea wazee nyuma ya matuta ya mchanga. Wamekubali kumpokea Léontine. Kitanda kitakuwa tayari Jumatatu, tarehe tisa Januari, na dirisha lake linatazama baharini. Wana wazee wengine waliosahau mpaka majina yao, na wanajua namna ya kuishi nao. Usipompeleka, watampa mwingine, maana wanaongoja ni wengi.

Najua utanuna. Nuna, lakini soma mpaka mwisho. Wewe si kijana, na daktari alikwisha kukuonya juu ya moyo wako. Mwaka jana Léontine alikuwa akipotea sokoni. Sasa anapotea jikoni kwake mwenyewe. Mlango wenu unatazamana na bahari, na bahari hiyo wewe unaijua kuliko mimi. Kila redio ikitangaza upepo huko kaskazini, moyo unanipasuka nikidhani ametoka.

Nijibu, Fulgence. Usiniache hivi.

Dada yako,
Huguette


Wimereux, 11 Desemba 1983

Dada Huguette,

Salamu kwako, kwa mfalme Gaspard na mguu wake, kwa Solange na huyo mtoto mwenye koo la mama. Mungu awasaidie majirani. Huku heringi wamekuja vizuri, na Bwana Ledez, yule anayefuga kome baharini, aliniletea ndoo nzima ya samaki, nikaning'iniza nusu dohani. Mwandiko usikushangaze. Baridi imenikaza vidole.

Kuhusu hayo ya Berck, jibu langu ni hapana.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Huguette. Uko huko milimani na wajukuu wako, unaniambia nimpeleke mke wangu kama mtu anayepeleka pasi kwa fundi. Léontine hana shida. Asubuhi anakunywa kahawa yake ya chikori. Anakunja vitambaa vya mezani, anavikunjua, anavikunja tena, nami namwambia ahsante kila mara. Mlangoni nimefunga kengele ya mbuzi, akigusa komeo nasikia. Kweli siku hizi ananiita Bwana na kuniuliza nitaondoka lini, kwa sababu mumewe hapendi kukuta wageni. Namjibu nitaondoka nikimaliza supu. Anaridhika, nami nakaa.

Halafu Berck, kati ya mahali pote. Umesahau? Nilipokuwa fundi wa injini melini, msimu wa heringi ukiisha tulikuwa tunachagua Jumatatu moja ya Januari, watu wote wako kazini, tunashuka na pwani polepole mpaka Berck na kurudi. Hatukuwa na haraka ya kitu chochote. Hatukujaliwa mtoto wa kumwahisha shuleni. Léontine alisema hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo bahari hainidai. Sasa wewe unataka niende njia ileile, nirudi na kiti kitupu.

Noeli njema.

Kaka yako,
Fulgence


Grenoble, 19 Desemba 1983

Fulgence,

Gaspard anakusalimu. Mtoto ana kikohozi, lakini ananyonya.

Mwongo mkubwa wewe. Baridi ya vidole. Bi Wacogne, jirani yako, ameniandikia kurasa nne. Léontine alikuona kwenye ngazi akadhani wewe ni mwizi, akakusukuma, ukavunjika kiwiko cha mkono wa kulia. Na mimi hapa nakaa natazama herufi zako zilizopinda, nasema maskini kaka, kumbe unaniandikia kwa mkono wa kushoto na kunifanya mjinga. Mficha maradhi kifo humuumbua. Leo ni mkono. Kesho atakusukuma ukae chini ya ngazi siku mbili, naye juu anakunja vitambaa.

Sikuandikii tena kwa hasira, hasira imeniisha. Nakuomba. Mpeleke kwa safari yenu ileile. Mtembeze, mle kome, mtazame bahari mpaka mchoke, na mwisho wa siku mjikute mlangoni kwa masista. Asijue kwamba ametolewa kwake. Angalau hilo linawezekana. Nimelifikiria usiku na mchana na sioni jingine.

Tarehe tisa. Niambie utakwenda.

Huguette


Wimereux, 12 Januari 1984

Dada yangu,

Mwaka mpya uwe mwema kwenu. Mtoto amepona kikohozi? Mpakeni mafuta ya nguruwe kifuani, msiwasikilize madaktari wa mlimani.

Ile plasta ngumu ya kiwiko niliikata mwenyewe kwa mkasi wa bati, kwa hiyo mwandiko huu ni wangu. Nitakueleza yote, halafu unitukane.

Jumapili tulikata keki ya Wafalme, ya Epifania. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini unajua kwetu kwa wavuvi si hivyo, asiyekuwepo ndiye hukatiwa kwanza. Léontine alishika kisu mwenyewe. Mwezi mzima hajashika kisu. Akakata kipande kikubwa, akakifunga kwenye kitambaa, akakiweka kabatini. Nikamuuliza ni cha nani. Akaniambia, "Cha Fulgence. Yuko baharini, akirudi ataona hatukumsahau." Mimi nimeketi mbele yake, Huguette, nimevaa sweta aliyonifumia. Nilisema vizuri, tumwekee. Kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya banda la kuni, sikufichi.

Ndipo nikasema, haya, kesho nampeleka. Kama mimi simo tena ndani ya nyumba ile, ninamlinda kwa ajili ya nani?

Nilipakia sanduku lake nyuma ya gari wakati anavaa viatu. Tuliondoka asubuhi, ukungu mzito, barabara tupu. Nilikwenda mwendo wa mkokoteni. Le Portel tulisimama kutazama mawimbi. Équihen tulisimama kutazama wanawake wanaokusanya kome kwenye miamba, makalio juu, na Léontine akacheka akasema yule wa kwanza ana makalio ya mama mkwe. Yaani mama yetu. Hardelot kila kitu kimefungwa mpaka Pasaka, tukanywa kahawa ya chupa ndani ya gari, vioo vimejaa mvuke. Nilisimama hata pale pasipo na cha kutazama. Nilimwonyesha mtaro. Nilimwonyesha ng'ombe. Kila dakika niliyoichelewesha Berck niliona nimeiiba.

Sasa hili ndilo la kunitukania. Kwa masista tulifika saa sita na nusu mchana. Hukuzaliwa jana, unaelewa. Katika nchi hii hata nyumba ikiungua saa sita na nusu, wazima moto watamaliza jibini kwanza. Mlango ulikuwa umefungwa, wako mezani, kibao kinasema mpaka saa nane. Na mimi nilijua. Tangu Étaples nilikuwa natazama saa, napima mwendo ili nifike wakati huo hasa. Nikasema moyoni, unaona, nimejaribu, hawakufungua.

Tukaenda kula kome na chipsi kwa yule Mbelgiji mwenye mgahawa karibu na mnara wa taa. Léontine alichukua ganda tupu akalifanya koleo, akawa anatoa kome wengine kwa ganda lile, chap chap, kama enzi zote. Uso wangu umemtoka, lakini hilo halijamtoka. Saa nane ikafika, nikaagiza kahawa. Saa kumi ikafika, tukashuka ufukweni, vijana wanakimbiza vigari vyao vya tanga kwenye mchanga mgumu, upepo unakata masikio. Alinishika mkono. Nikasema sasa, Fulgence, sasa mgeuze mpande kule juu.

Akaniambia, "Fulgence, giza linaingia. Twende nyumbani."

Aliniita mimi kwa jina, Huguette. Tangu Septemba hajaniita hivyo. Ungefanya nini wewe?

Nilimrudisha nyumbani. Sanduku bado liko nyuma ya gari, sina nguvu ya kulishusha.

Fulgence


Grenoble, 17 Januari 1984

Kaka,

Sisi wazima.

Sitakutukana. Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka Gaspard akaninyang'anya. Nimewapigia masista. Nimewaambia gari liliharibika njiani, Mungu anisamehe kuwadanganya watawa. Sista Philomène ana moyo mzuri, atakiweka kitanda mpaka sikukuu ya Mishumaa, tarehe mbili Februari. Baada ya hapo hawezi, kuna mzee wa Montreuil anayelala kwenye korido ya hospitali.

Alikuita kwa jina. Nimefurahi mpaka nimelia. Lakini je, jana alikuita? Na leo?

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nenda, na safari hii ufike wakati watu wapo mlangoni.

Huguette


Wimereux, 25 Januari 1984

Huguette,

Sina salamu leo. Niwie radhi, uwasalimie wote.

Hakuniita tena. Ulijua.

Ijumaa ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka miamba ya mbali imetoka. Asubuhi nilikuwa nimepiga magoti nawasha jiko la makaa. Kengele sikuisikia. Aliifungua mwenyewe, akaitia mfukoni mwa aproni ili isilie. Unaona mtu huyo? Jina lake hajui, lakini kengele anajua kuinyamazisha. Nilipoinuka mlango uko wazi, ukungu unaingia ndani.

Nilikimbia ufukweni kwa soksi. Nilimwita. Nilisikia maji yanarudi na sioni kitu, sioni hata mikono yangu. Siwezi kukuandikia ilikuwa muda gani. Mtu akiniuliza nitasema mwaka.

Bwana Ledez ndiye aliyemwona, akirudi na trekta kutoka kwenye nguzo zake za kome. Léontine alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, amesimama wima, mkono juu ya macho, anatazama mbali. Ledez akamwambia, "Mama, twende, maji yanajaa." Akamjibu kwamba haendi popote, meli ya mumewe inaingia leo na hajawahi kukosa kumpokea. Ledez ni mtu wa akili. Alimwambia meli imeingilia Boulogne, Fulgence ameshafika nyumbani na anaona njaa. Hapo ndipo alipokubali kubebwa. Nilipompokea alikuwa amegeuka bluu kwa baridi. Alinitazama akamuuliza Ledez mimi ni nani na kwa nini ninalia.

Angekufa kwa kunisubiri mimi. Nami nipo hapa hapa, napuliza moto.

Basi nimekubali, usinisukume tena. Lakini mkono wangu hauwezi. Nimejipima, najijua. Nikifika pale getini nitageuza gari, nitasema wako mezani, nitasema chochote. Njoo, Huguette. Panda treni, nitakupokea Boulogne. Keti naye nyuma, umshikilie, nami nitatazama barabara tu. Wewe ndiye utakayebisha mlango. Katika maisha yangu sijawahi kukuomba kitu, hilo unalijua. Njoo kabla ya tarehe mbili.

Kaka yako


Grenoble, 29 Januari 1984

Kaka yangu mpendwa,

Niliianza barua hii nikikuambia mguu wa Gaspard haujapona. Nikaichana. Nikaanza nyingine nikasema reli imefungwa na theluji. Nimeichana pia, ingawa theluji ipo.

Siji, Fulgence. Naogopa.

Kabla hajawa mkeo alikuwa wangu. Tuliketi dawati moja tangu tukiwa na miaka sita. Wewe nilikuletea mimi, kwenye dansi ya wavuvi, na nikajuta wiki nzima kwa sababu alikuwa hazungumzi nami tena isipokuwa kukuulizia wewe. Kila kitu cha ujana wangu kiko kichwani mwake, mwingine anayekijua hayupo. Sasa nishuke treni, anitazame kama anavyokutazama wewe, aniulize mimi nani? Wewe umelibeba hilo tangu Septemba. Mimi siwezi kulibeba hata siku moja. Nimekuwa nikikufokea kutoka mbali kwa sababu kutoka mbali yeye bado ananijua.

Nichukie ukitaka. Lakini mpeleke. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na wewe umeshavua, kaka, umebaki uchi na baridi. Kama mkono wako hauwezi, tumia miguu. Shuka kwenye gari, hatua moja, nyingine, mpaka mlangoni. Usifikirie zaidi ya hapo.

Nitakuwa nimekaa karibu na simu ya jirani yangu siku nzima.

Huguette


Wimereux, 20 Februari 1984

Dada Huguette,

Salamu kwa wote. Sikupiga simu siku ile. Samahani. Na barua hii nimeichelewesha kwa sababu nilitaka kwanza nijue mwenyewe ni nini kilichotokea.

Sikuchukii. Nilikasirika mpaka Jumanne, kisha nikachoka.

Tulikwenda tarehe mbili, siku ya mwisho kabisa. Siku nzuri, jua la baridi, bahari imelala. Nilipita njia ileile kwa mwendo uleule, na tulisimama kila mahali, maana hiyo ndiyo safari yenyewe, sikutaka kumpunja. Le Portel, Équihen, kahawa ya chupa pale Hardelot. Étaples nilimnunulia skafu kwenye soko la wavuvi. Kome tukala kwa Mbelgiji. Léontine alikuwa mchangamfu, ananiita Bwana, ananiuliza kama nina familia. Nikamwambia nina mke. Akaniuliza kama ni mzuri. Nikamwambia sana. Akasema basi usimwache peke yake muda mrefu.

Nusura nigeuze gari hapohapo.

Saa tisa nilisimama getini. Mlango ulikuwa wazi, harufu ya chapati za maji inatoka mpaka barabarani, masista wanawapikia wazee kwa sikukuu. Nilizima injini nikashika usukani. Miguu ilikataa, Huguette. Ile hatua moja uliyosema, sikuweza. Niliketi pale nikilia kama mtoto, bila aibu, mbele yake.

Léontine akanitazama. Halafu akashuka mwenyewe. Akafungua nyuma, akatoa sanduku, akazunguka mpaka upande wangu, akanifungulia mlango. "Njoo," akasema. "Usiogope." Akanishika kiwiko, kile kilichovunjika, taratibu, akanipandisha ngazi. Sanduku alilibeba yeye. Mlangoni alisimama Sista Philomène, mwanamke mnene mwenye unga mikononi. Léontine akamwamkia, akaweka sanduku chini, akamwambia, "Nimewaletea mume wangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini aliendelea, wazi, kwa sauti yake ya zamani ya kuagiza nyama buchani.

"Anaitwa Fulgence. Alikuwa fundi wa injini, sikio la kushoto halisikii, mseme upande huu. Hapendi supu ya moto sana. Moyo wake si mzuri, msimwache apande ngazi. Na usiku ataniulizia mimi. Mwambieni nimetoka kidogo."

Sista yule hakucheka, wala hakumsahihisha. Alifuta unga, akapokea sanduku, akasema, "Tutamtunza, Mama. Karibu kwanza ule chapati kabla ya kuondoka." Mimi nikakalishwa kwenye kiti karibu na dirisha. Léontine alinifunga skafu yake mpya shingoni. Akanibusu. Akaniambia niwe hodari. Kisha akaondoka na Sista kwenye korido, hakugeuka nyuma, anamwambia kwamba mimi ni mtu mzuri, ila mkaidi.

Nilikaa kwenye kiti hicho mpaka jua likazama. Sikuthubutu kusimama, nikiogopa atapita akanikuta naondoka.

Nyumbani sitakueleza palivyo.

Jumatatu hii nimekwenda kumwona mara ya tatu. Nimejua utaratibu. Naingia kwa mlango wa nyuma, navua koti, naketi kwenye kiti kile cha dirishani, na Sista anakwenda kumwambia kwamba wakati wa kutazama wagonjwa umefika. Anakuja amevaa kofia, mkoba mkononi, kama mtu aliyetoka mbali. Ameniletea chungwa alilobakiza mezani. Ananimenyea. Ananijua mimi ni nani, Huguette, tangu siku ile ananijua kila mara, kwa jina. Alinikagua kucha, akaniuliza kama wananipa chakula cha kutosha. Nikamwambia wananipa.

Alipoinuka kuondoka nilishindwa kujizuia, nikamshika mkono, nikamwomba asiende. Akaketi tena. Akanipangusa uso kwa kiganja. Akaniambia nivumilie kidogo tu, mambo ya nyumbani yakikaa sawa atakuja kunichukua.

Kaka yako,
Fulgence